Kidonda cha Mguu na Bakteria wa Tumboni

Safari hii tumependa tuzungumzie jambo linalosumbua nyumba nyingi. Mzee mwenye kisukari anabanwa na kiatu, anatoka kidonda kidogo kama punje ya choroko, na mwezi unapita hakijafunga.

Kwanza tufahamu kwa nini hakiponi. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, hivyo mgonjwa hasikii maumivu. Mishipa ya damu nayo huziba, na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huwa wazito kazini. Kidonda cha kawaida huvimba siku chache, kisha nyama mpya huota. Cha mwenye kisukari hukwama palepale kwenye kuvimba.

Tumbo linaingiaje hapa? Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao si maadui. Tukila maharage, kunde, mchicha na matunda, zile nyuzinyuzi ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga huwafikia bakteria hao. Wao huzichachua na kutoa asidi, mojawapo huitwa butireti. Hiyo ndiyo inayolisha ukuta wa utumbo mpana, na hutuliza uvimbe mwilini. Lakini mtu akiishi kwa mkate mweupe, soda na chipsi (na vijana wetu mnajijua), bakteria hao hupungua na ukuta hulegea. Vipande vya maganda ya bakteria hupenya hadi kwenye damu, mwili ukadhani umevamiwa, ukawa unawaka polepole usiku na mchana. Kidonda kilichokwama huzidi kuchochewa.

Huko Iran, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua wagonjwa 60 wenye vidonda vya miguu vya kisukari. Nusu walimeza bakteria wema kwa wiki 12, nusu wakapewa vidonge vitupu. Vidonda vya wale wa kwanza vilipungua zaidi urefu, upana na kina. Wote hao waliendelea na matibabu yao ya kawaida, na watu 60 ni wachache. Kwa hiyo atakayekuuzia mtindi kuwa ni dawa ya kidonda, usimsikilize. Mtindi usiotiwa sukari ni chakula kizuri, basi. Hospitali ndiko kidonda kinakosafishwa, na sukari ndiyo ya kushushwa kwanza.

Sasa nyinyi wanafunzi mna kazi nyumbani. Babu au bibi anapotawadha, mwangalieni nyayo na katikati ya vidole, kwani yeye huenda haoni wala hasikii. Maji ya moto yajaribiwe kwa mkono wa mwingine, asije akaungua bila kujua. Akimaliza, mkaushieni katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu. Mkiona lengelenge, weusi au usaha, msipake majivu wala dawa ya meno. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.