Upasuaji wa kupunguza uzito: Nyumbani wanajua?

Anayejiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito hupimwa mengi hospitalini: sukari, shinikizo la damu, moyo, wingi wa damu. Nyumbani haulizwi kitu, kwa sababu wengi huamua kuficha. Anaaga kwamba ana safari ya kikazi, anarudi baada ya siku chache akiwa na vidonda vidogo tumboni, na chakula chake ni supu iliyochujwa.

Siri hiyo inaeleweka. Mtu mnene husemwa, na akitafuta tiba husemwa zaidi kuwa ni mvivu wa mazoezi. Lakini kazi ya daktari huisha baada ya saa chache. Inayobaki hufanyika jikoni na mezani, miaka yote. Ndiyo maana maandalizi yaanzie nyumbani.

Si sawa na puto

Wengi wamesikia habari za puto, huduma inayotolewa pia Mloganzila jijini Dar es Salaam. Puto huwekwa tumboni kwa muda na kutolewa, bila mtu kupasuliwa. Upasuaji ni jambo jingine. Katika aina inayofanywa sana, karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi huondolewa, na hairudishwi. Katika aina nyingine, daktari hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mdogo.

Kwa hiyo huu si uamuzi wa kufuata mkumbo. Daktari huangalia uwiano wa uzito na urefu pamoja na maradhi kama kisukari. Anayevuta sigara hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla. Wengi hupewa pia mlo maalumu wa takribani wiki mbili ili ini lipungue na daktari apate nafasi ya kufanya kazi.

Mwenzi aambiwe nini

Mume au mke ajue mapema kwamba mtakula tofauti kwa muda, na kwamba mwili na hisia za mwenzake vitabadilika. Uzito hushuka zaidi katika mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu. Nywele zinaweza kupukutika kwa miezi michache, na ngozi ikalegea. Watu watauliza, “Mbona umekonda, unaumwa?” Kubalianeni mapema mtawajibu nini.

Kuhusu uzazi, wanawake hushauriwa kusubiri kati ya miezi 12 na 18 kabla ya kubeba mimba. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amuulize daktari, kwani baada ya baadhi ya upasuaji huu vidonge huenda visifanye kazi ipasavyo.

Watoto nao

Mtoto mdogo haelewi kwa nini mama hambebi. Mwambie kwa maneno mepesi: “Tumbo la mama linatibiwa. Nitakula kidogo, na sitakubeba mpaka daktari aseme nimepona.” Mara nyingi kubeba vitu vizito huzuiwa kwa wiki nne hadi sita, basi tafuta mapema msaidizi wa kumwogesha mtoto na kuchota maji.

Chunga pia unavyousema mwili wako. Ukirudia kwamba ulikuwa unachukiza, binti yako mwenye umbo kama lako anasikia.

Jikoni

Mlo huanza na vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, halafu laini. Chakula cha kawaida hurudi baada ya wiki sita hivi au zaidi. Andaa sahani ndogo na kijiko kidogo. Protini itangulie: yai, samaki, maziwa, maharage yaliyopondwa. Ugali na wali vifuate, kwa kiasi kidogo. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, si pamoja na chakula. Vitamini zitakuwa za maisha, hivyo ziwekwe kwenye bajeti kama ada ya shule.

Kwenye harusi na misiba, kukataa chakula huonekana dharau. Pokea sahani, onja, mpe jirani. Shangazi aliyezoea kukushibisha aelezwe kabla, asije akaumia moyoni.

Moyo usisahauliwe

Wapo wanaokula wakiwa na huzuni au upweke. Baada ya upasuaji tumbo linakuwa dogo, lakini huzuni inabaki vilevile. Kwa wiki mbili kabla, andika ulikula lini na ulikuwa unahisi nini, kisha mpelekee mshauri wa saikolojia daftari hilo. Uwe mwangalifu pia na pombe, kwani baadhi ya watu huihamia badala ya chakula, na hulewa haraka kuliko zamani.

Dalili za kubandika ukutani

Mgonjwa arudishwe hospitalini haraka akiwa na homa, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, kupumua kwa shida, au mguu uliovimba na kuuma. Asipewe diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya dukani bila daktari kuruhusu.

Dalili hizi huweza kuanza usiku, mgonjwa akiwa hana nguvu hata ya kupiga simu. Anayelala chumba cha pili akidhani ulikuwa safarini, atajuaje pa kukupeleka? Kabla ya kusaini fomu, apatikane angalau mtu mmoja nyumbani anayejua yote haya. Kama hajapatikana, omba tarehe isogezwe mbele.