Kipigo Kinapofika Kwenye Uzazi

Jeraha la usoni hupona kwa wiki chache. Madhara ya ukatili kwenye uzazi huweza kudumu miaka, na mara nyingi muuguzi hayaoni.

Mwanamke anayeishi kwa hofu hana uwezo wa kumwambia mume avae kondomu. Wapo wanaume wanaotupa vidonge vya uzazi wa mpango au kumlazimisha mke akatolewe kijiti. Ndiyo maana baadhi ya wanawake huchagua sindano ya miezi mitatu, isiyoacha kitu cha kukutwa kwenye mkoba, na huomba kadi ibaki kituoni. Asiyepata njia hiyo huweza kubeba mimba asiyoitaka, na bila kondomu hata mwenye sindano huweza kuambukizwa magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia zisipotibiwa huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Mirija ikiziba, huja ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Na aliyeambukizwa na mumewe ndiye anayeitwa tasa.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilionyesha kuwa wanawake wanaofanyiwa ukatili na wenzi wao wana uwezekano mara mbili zaidi wa kutoa mimba na, katika baadhi ya maeneo, mara 1.5 zaidi wa kupata VVU. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu huongezeka kwa asilimia 16.

Kwa mjamzito, teke la tumboni linaweza kubandua kondo la nyuma kabla ya wakati. Damu huweza kujikusanya ndani isitoke hata tone, huku tumbo likikakamaa na mtoto akikosa hewa. Mjamzito yeyote aliyepigwa tumboni awahi hospitali, hata kama hajaona damu.

Aliyebakwa naye awahi. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya saa 120, navyo kadiri vinavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono humpatia tiba, ushauri na msaada wa kisheria mahali pamoja.

Kwa wahudumu wenzangu nina ombi. Tunawahimiza akina baba waje kliniki na wake zao, na tunafanya vizuri. Ila hakuna mke atakayesema anapigwa huku anayempiga ameketi kando yake. Anapoingia chumba cha vipimo, mume abaki nje, kisha tumwulize mama kwa upole: “Nyumbani uko salama?” Akisema hapana, tuwe tayari na msaada, na siri yake ibaki kwetu.