Tangazo Lenye Kiingilio

Legoland ya kwanza, iliyofunguliwa Billund, Denmark, Juni 1968, ilizaliwa na usumbufu. Kila mwaka watu wapatao 20,000 walifika kiwandani kwa Lego kutazama sanamu zilizojengwa kwa matofali ya plastiki, na mwenye kampuni, Godtfred Kirk Christiansen, akaona heri awatengee mahali pao. Msimu wa kwanza waliingia watu 625,000. Kwa kawaida mwenye bidhaa ndiye anayelipia tangazo. Pale Billund watazamaji ndio waliokata tiketi.

Biashara hiyo haiishii getini. Wenye bustani za burudani huhesabu pia kile mgeni anachotumia akishaingia: chakula, picha na vitu vya kuchezea. Mtoto wa miaka minne hana senti mfukoni, lakini mzazi wake siku hiyo amekuja kutumia, na hayuko tayari kuiharibu kwa kilio. Muuza maputo kwenye viwanja vya sikukuu ya Idi analijua hilo bila kusomea masoko. Ila yeye hakuujenga uwanja. Wenzake wa Ulaya huujenga, hata njia ya kutokea: mtoto akishuka kwenye kigari cha umeme, anajikuta dukani, na wanasesere wako rafu za chini.

Lego iliziuza bustani zake mwaka 2005, ikijikwamua kutoka kwenye hasara. Mwaka 2019 KIRKBI, kampuni ya uwekezaji ya familia ya Godtfred, iliungana na kampuni ya Blackstone na mfuko wa pensheni wa Kanada kuinunua Merlin, inayoziendesha, kwa karibu pauni bilioni 6 pamoja na madeni. Mwaka huohuo Hasbro, watengenezaji wa vitu vya kuchezea, walikubali kutoa takriban dola bilioni 4 kuinunua Entertainment One, mmiliki wa katuni ya nguruwe Peppa Pig. Tayari tangu 2011 bustani ya Paultons, kusini mwa Uingereza, ilikuwa na Peppa Pig World, kwa leseni. Mtoto anamwona nguruwe huyo kwenye televisheni, anampanda bustanini, kisha anamdai dukani. Kati ya hatua hizo tatu, sioni tangazo linapoanzia.

Sheria nazo zinalitafuta kwenye maneno na skrini. Quebec ilipiga marufuku mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayolenga walio chini ya miaka 13, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaibariki sheria hiyo mwaka 1989, katika kesi ya watengenezaji wa vitu vya kuchezea, Irwin Toy. Lakini kanuni zake ziliruhusu dirisha la duka, mpangilio wa bidhaa na vifungashio. Uingereza ilikataza mwaka 2008 kumwambia mtoto moja kwa moja anunue, au awashawishi wazazi wamnunulie. Mwanasesere aliyepangwa rafu ya chini hajamwambia mtu chochote.