Maji ya Rangi ya Chai na Chembe za Plastiki

Mtumiaji wa maji wa Nyarero, au wa kwingineko Tarime na Serengeti, huenda amezoea kuyaacha maji ya mto yatulie mtungini usiku kucha ili tope lishuke. Desturi hiyo ni njema, lakini haitoshi kuondoa chembe za plastiki, yaani vipande visivyofikia milimita 5, ambavyo vingi havionekani kwa macho.

Sababu mojawapo ni majani, nyasi na mafunjo yanayooza majini na kuyapa rangi ya chai. Uozo huo huzivika chembe utando mwembamba wenye chaji hasi ya umeme. Katika maji baridi, chembe zilizovikwa hivyo husukumana, zisishikamane wala kuzama upesi. Hivyo husafiri mbali. Uozo huo pia hula shabu, ndiyo maana maji yenye rangi huhitaji shabu nyingi zaidi ili yatakate.

Mto Mara huishia Ziwa Viktoria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta plastiki katika matumbo ya sangara na sato walionunuliwa Mwanza: mmoja kati ya kila watano.

Tunashauri maji yaliyotulia yamiminwe taratibu, yapitishwe katika chujio la mchanga, kisha yachemshwe. Kuchemsha huua vijidudu. Kusitegemewe kuondoa plastiki. Shabu isiongezwe kwa kukisia. Matumbo ya samaki yatolewe kabla ya kupika. Zaidi ya yote, chupa na mifuko isitupwe mtoni, kwani plastiki ikisagika haiokoteki tena.