Je, Wajua? Mlango wa Gari Huvunja Ufito Ambao Samaki Ameshindwa Kuuvunja

Ufito wa kuvulia uliotengenezwa kwa nyuzi za kaboni hupindwa na samaki mkubwa hadi uwe kama upinde, na usivunjike. Lakini mlango wa gari ukiubana kidogo tu, hukatika papo hapo. Ndani ni mtupu na ukuta wake ni mwembamba. Nyuzi zake hustahimili kuvutwa, si kubanwa ubavuni.

● Chubwi la risasi likiachwa likining'inia kwenye mshipi, huugonga ufito kila gari linapopita kwenye shimo. Jeraha linaweza kuwa dogo lisionekane. Siku samaki atakapovuta, ufito utakatika hapohapo.

● Nje pakiwa na joto la sentigredi 32, ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita 45 kwa muda wa saa moja. Ufito ulioloa ukifungiwa kwenye mfuko wake katika joto hilo, rangi yake ya kung'aa huota malengelenge.

● Kaboni hupitisha umeme. Ufito wa mita 4 ukiunganishwa kando ya gari, chini ya nyaya za umeme, unaweza kuua.

Basi kabla ya safari, fungua chubwi na ndoano, tenganisha vipande, vifunge pamoja kwa kitambaa, na uvilaze juu ya mizigo mingine. Ukifika, tazama juu kwanza, ndipo uunganishe.