Programu ya kusanifu mabomba ya viwandani: Bei isiwe kigezo cha kwanza

JUNI 1, 1974 kiwanda cha kemikali cha Flixborough, nchini Uingereza, kililipuka na kuua watu 28. Uchunguzi rasmi ulilitaja bomba la muda la inchi 20, lililofungwa ili kuruka mtungi mmoja wa kemikali uliokuwa umeondolewa baada ya kupata ufa. Mchoro pekee wa bomba hilo ulikuwa umechorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, na hakuna aliyekokotoa nguvu ambazo lingezikabili.

Leo kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta. Hata hivyo, kampuni nyingi zinazohudumia viwanda vya sukari, bia, saruji na mitambo ya kusafisha gesi hununua programu kwa kuangalia bei au umaarufu wa jina, kisha hugundua baadaye kwamba haiwafai.

Jambo la kwanza la kuelewa ni tofauti kati ya programu ya kuchorea na programu ya kusanifu mabomba. AutoCAD ya kawaida, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huchora mistari. Haitambui kwamba mstari fulani ni bomba la chuma la inchi 6. Programu maalumu hutambua hivyo. Huwa na orodha ya vipimo vilivyoidhinishwa, yaani aina ya chuma, unene, flenji, kona na valvu zinazoruhusiwa katika kila njia ya bomba. Msanifu akijaribu kuweka flenji isiyolingana na presha iliyopangwa, programu hukataa au humwonya.

Faida ya pili ni kugundua migongano. Bomba linalopita katikati ya nguzo ya jengo likionekana kwenye kompyuta, husahihishwa kwa dakika chache. Likionekana wakati mafundi wamekwisha kulipandisha, hukatwa, huchomelewa upya na kupimwa upya, huku mradi ukisimama.

Baada ya hapo, mnunuzi anapaswa kupima ukubwa wa kazi zake. Kwa ofisi yenye wasanifu wachache wanaokarabati viwanda vya kati, AutoCAD Plant 3D au CADWorx hutosha, na fundi aliyezoea AutoCAD hujifunza kwa muda mfupi. Kwa mitambo mikubwa ya mafuta na gesi, ambamo makumi ya wasanifu hufanya kazi kwa pamoja katika kielelezo kimoja, hutumika zaidi AVEVA E3D, iliyorithi PDMS ya Cambridge, au Smart 3D, iliyotokana na kampuni ya Intergraph ya Marekani. Hizi huhifadhi kila kitu katika hazina moja ya data, lakini huhitaji mtaalamu wa kuisimamia hazina hiyo. Ofisi isiyo na mtaalamu huyo itakuwa imenunua mzigo.

Aidha, mnunuzi aulize programu inatoa nini kwa karakana. Mchomeleaji hahitaji picha nzuri ya kiwanda; anahitaji mchoro wa isometriki wa kila njia ya bomba, wenye urefu wa vipande, mahali pa kuchomelea na orodha ya vifaa. Programu inayotoa michoro hiyo yenye makosa, kiasi cha kulazimu kuisahihisha kwa mkono, imeshindwa kazi yake kuu.

Suala la usalama nalo lisisahauliwe. Bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa mita 100, joto likipanda kwa nyuzi 100 za Selsiasi, hurefuka kwa takriban sentimita 12. Lisipopewa nafasi, husukuma pampu na kupasua viungo. Programu nyingi za usanifu hazikokotoi nguvu hizo; kazi hiyo hufanywa na nyingine kama CAESAR II au AutoPIPE, kwa kufuata kanuni kama ASME B31.3. Kwa hiyo ni lazima programu hizo mbili ziweze kupokezana data, kwa kawaida kupitia faili za PCF, pasipo kuingiza vipimo upya kwa mkono.

Mwisho ni gharama. Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, waliacha mwaka 2016 kuuza leseni mpya za kudumu, na mteja wao hulipia kwa kipindi. Hesabu ya kweli, kwa hiyo, ni ya miaka kadhaa, ikijumuisha mafunzo, kompyuta zenye uwezo na uandaaji wa orodha za vipimo.

Njia salama kabla ya kulipa ni kuchukua kipande cha kazi iliyokwisha kufanyika, kukisanifu upya kwa programu ya majaribio, kisha kumkabidhi mchomeleaji michoro yake. Akiuliza maswali mengi, bado hamjapata programu.