UZI: Kadi ya ulemavu si pesa

1/ Mjadala wa kisiasa ukifika kwa Inua Jamii, swali huwa moja: "Hiyo elfu mbili inatosha nini?" Ni swali zuri. Lakini kuna lingine linarukwa kila mara: nani anahesabiwa kuwa anaistahili? Leo tuangalie mtu mwenye ugonjwa wa akili anapoomba msaada wa serikali. Sitaji mwanasiasa wala chama. Twende.

2/ Tuanze na Katiba. Kifungu cha 260 kikieleza ulemavu ni nini, kinataja wazi hali za kiakili na kisaikolojia, bora ziwe zinaathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu shughuli za kila siku za mtu. Kifungu cha 43 kinaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Kwa hivyo akitokea wa kusema "huyo si mlemavu, ni mgonjwa tu", Katiba ilishamjibu mwaka wa 2010.

3/ Sasa njia yenyewe. Unaenda hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, madaktari wanakupima na kujaza ripoti, Wizara ya Afya inaipitisha, halafu unasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupata kadi. Wengi hudhani hapo pesa zinaanza kuingia. Wapi! Kadi inathibitisha tu kwamba una ulemavu.

4/ Pesa ni mpango tofauti, ulioanza 2011 na sasa uko chini ya Inua Jamii: KSh 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali. Masharti? Kaya iwe maskini sana, isiwe tayari inapokea pesa nyingine za aina hiyo, na mwenye ulemavu awe anahitaji mlezi wa kumwangalia saa zote. Tena usajili hufunguliwa kwa awamu, sio siku yoyote unayotaka.

5/ Hilo sharti la mlezi ndilo lilitukwamisha sisi. Mjomba wangu ana skizofrenia tangu nikiwa darasa la pili. Siku ya kupimwa, nyanya alimpigia shati pasi. Alikuwa amedungwa sindano yake ya mwezi, ametulia. Alijibu maswali yote. Kadi ilitoka. Awamu ya usajili ilipofunguliwa, afisa alimtazama akauliza: "Si huyu anaoga mwenyewe na kula mwenyewe? Mlezi wa nini?" Jina halikuingia.

6/ Miezi mitatu baadaye sindano ilikosekana kliniki. Mjomba alitoka usiku, tukampata siku ya pili, kaunti jirani, miguu imechanika. Tangu hapo nyanya ameacha kuuza mboga sokoni, analinda mlango. Ana miaka 66, na pesa za wazee zinaanzia miaka 70. Kwa hivyo mlezi wa saa zote yupo. Ni vile tu hayuko kwenye orodha.

7/ Ona tatizo: ugonjwa huu huja na kuondoka, lakini anayepima anaangalia siku moja. Dawa ikifanya kazi, unaambiwa huhitaji msaada. Nauli ya kufuata hiyo dawa nayo inatoka wapi?

8/ Linganisha na hili. Aliyeajiriwa na ana kadi anaweza kuomba asikatwe kodi kwa KSh 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi. Siipingi, kuishi na ulemavu ni gharama. Lakini mwenye mshahara wa 150,000 anaokoa zaidi ya KSh 30,000 kila mwezi. Mjomba ana kadi kama hiyo hiyo na hapati hata elfu mbili.

9/ "Tukilegeza masharti, watu watajifanya wagonjwa." Hofu ya haki, pesa ni za umma. Lakini kuna rekodi za kliniki: umehudhuria mara ngapi, umelazwa mara ngapi, unatumia dawa gani. Kudanganya rekodi za mwaka mzima ni kugumu kuliko kudanganya kwa dakika kumi. Na tuseme ukweli: ukiongeza watu, ni lazima uongeze bajeti au upunguze mahali pengine. Anayeahidi aseme ni wapi.

10/ Kitu kingine: sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 kwenda juu wana ulemavu. Maswali yalihusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeshindwa kutoka kitandani kwa huzuni, angejibu lipi?

11/ Kwa hivyo akija kuomba kura na kuahidi "kuongeza Inua Jamii", muulize: Unaongeza pesa au watu? Mgonjwa wa akili atapimwa kwa siku moja au kwa rekodi zake? Wadi yetu itapata nafasi ngapi, na lini?

12/ Na kama una mgonjwa nyumbani, fuatilia kadi hata hivyo. Kile kitabu cha kliniki usikitupe hata kikijaa, na kila akilazwa, omba karatasi. Awamu ijayo, nyanya anaenda na vitabu vyote vya miaka sita. Shati safari hii halipigwi pasi.